Mtu Asiyemjua Shigeo

Watu husema mwanamke mwenye kilabu hana siri. Uongo mtupu. Nimesimama nyuma ya kaunta hii mwaka nenda mwaka rudi, na yaliyomo kichwani mwangu yangetosha kuvunja ndoa za bonde zima. Hili la Amemiya Shigeo nalisimulia kwa sababu mahakama ilikwisha kulitangaza gazetini, mmoja wa wahusika amekufa, na mimi bado linanikaa kooni.

Shigeo alikuwa mchongaji wa mihuri, kama baba yake na babu yake. Hapa kwetu, kusini ya mji wa Kofu, mihuri ndiyo iliyotulisha. Muhuri wa benki, muhuri wa ndoa, muhuri wa kuuzia shamba la mizabibu. Zamani mtu asiye na muhuri hakuwa mtu. Wengi walikwenda kwenye mashine mapema, Shigeo akabaki na patasi zake na vipande vya pembe la nyati, kainama mchana kutwa, shingo mbele, anachonga jina la mtu kinyumenyume kwenye kitu kisichozidi kidole. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia asubuhi, jibu ulipata jioni. Mkewe, Toshiko, ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba yake, na alipofariki nyumba ile ikanyamaza kabisa. Watoto hawakujaliwa.

Lakini mkono wake ulijulikana. Madaktari wa mjini, makuhani wa mahekalu, mawakili, wote walipanda basi kuja kwake. Nimewahi kumtania kwamba siku akifa mkoa mzima utashindwa kutia sahihi.

Sasa, mtu wa mkoa wetu hawezi kuishi bila upatu. Watu wa mikoa mingine hutucheka kwa hilo, na wacheke tu. Upatu wetu ulikutana hapa kilabuni kila mwezi, jioni mapema, chumba cha nyuma. Napika sufuria la tambi nene na maboga, pombe ya mchele inapashwa moto, kila mtu anaweka mchango wake kwenye sahani, na mwenye zamu anabeba. Hakuna karatasi, hakuna mashahidi. Kijiji kinachoishi kwa mihuri, na upatu wake haujawahi kuuona muhuri hata mmoja. Tulijivunia jambo hilo.

Tulikuwa wanane, lakini watatu ndio wenye habari hii ukiniacha mimi. Alikuwamo Shigeo. Alikuwamo Mzee Hagihara, wakili mwenye ofisi mjini, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa na hakuwahi kuacha kuja, hata mvua inyeshe. Na alikuwamo Bi Fusae, mjane wa Kazama, mkulima wa pichi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kiume, anayekunywa kikombe kimoja tu na kukigeuza kifudifudi kikiisha.

Shigeo alichukua zamu ya mapema, akaongezea mkopo wa benki, akanunua mashine ya kuchongea. Alikuwa na vijana wawili anaowafundisha kazi na aliona patasi pekee haitawalisha. Bi Fusae, kama kawaida yake, aliomba zamu ya mwisho. Kila mzunguko alikuwa akiomba ya mwisho na kuiweka akiba, na safari hii alisema wazi ni ya nini. Majivu ya mumewe yalikuwa kwenye chungu, juu ya rafu ya kuazimwa kule hekaluni, miaka yote hiyo, kwa kuwa familia ya Kazama haikuwa na kaburi huku. Alitaka jiwe. Jiwe lenye jina la mumewe, na nafasi ya jina lake pembeni.

"Nikifa kabla ya kuliweka," aliniambia, "nani atakumbuka kwamba yuko kwenye rafu?"

Mashine ya Shigeo haikumaliza hata majira ya pili kabla serikali haijatangaza kwamba karatasi za ofisini hazihitaji tena muhuri. Maagizo yakakauka. Mtu mwingine angewaachisha kazi wale vijana siku hiyohiyo. Shigeo aliwalipa mpaka walipoona haya wenyewe na kuondoka. Alikopa huku akaziba kule, akachukua kadi ya mkopo, akachukua kadi nyingine ya kulipia ile kadi, na yote hayo bila kumwambia mtu. Alikuja kwenye upatu kila mwezi, akaweka mchango wake, akala tambi zake. Sikujua kitu. Najiona mjanja wa kuzisoma nyuso za watu, na sikujua kitu.

Siku moja ya vuli, mchana, kabla sijafungua, alikuja amevaa suti aliyomzikia Toshiko. Nilikuwa nakata maboga. Akaniomba chumba cha nyuma kwa muda kidogo, kisha Bi Fusae akaingia, kaitwa na yeye. Niliwapelekea chai na nikabaki mlangoni na trei yangu mkononi, kwa kuwa niliona yanayotokea na miguu haikutaka kuondoka.

Shigeo aliweka bahasha mbele yake, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Bi Fusae," alisema, "maji yamenifika shingoni. Wiki ijayo nakwenda kwa wakili kutangaza kwamba nimefilisika. Nimeuza gari. Hii ni michango yangu yote iliyobaki mpaka zamu yako. Benki na wengine watashughulikiwa na sheria. Wewe nakulipa mimi."

Bi Fusae akamwambia ainuke, mkeka una baridi. Aliichukua bahasha kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji lake, akaiweka kifuani. Sijawahi kumsikia Shigeo akisema maneno mengi kama yale kwa mkupuo mmoja, na nakiri nilirudi kwenye maboga yangu machozi yananitoka, najivunia kumjua mtu wa namna hiyo.

Hakwenda kwa Mzee Hagihara. Nani anaweza kumvulia nguo mtu anayekula naye kila mwezi? Alikwenda kwa wakili mwingine wa mjini, wa kupangiwa na ofisi ya msaada wa sheria, na huyo akamwambia ataje kila anayemdai, bila kubakiza. Shigeo akataja benki, akataja chama cha akiba, akataja kadi zote, akataja hata duka la pembe. Upatu hakuutaja. Baadaye nilimuuliza kwa nini, na alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini hakumtaja mama yake.

"Upatu ni deni, Kazuyo?" alisema. "Upatu ni watu."

Ukimuuliza yeyote hapa bondeni atakwambia vivyo hivyo. Hata mimi ningejibu hivyo. Benki inakudai, wenzako wa upatu unawaheshimu, na huwezi kuyaburuta majina yao mbele ya hakimu pamoja na watu wa kadi.

Sasa hapa lazima nieleze namna mtu aliyefilisika anavyopewa msimamizi, maana mimi mwenyewe sikuwa najua, nilikuja kuelezwa na Mzee Hagihara. Nilidhani hakimu anamnyooshea kidole wakili aliye karibu. Kumbe sivyo. Mahakama ina majina ya mawakili waliokubali kazi hiyo, na karani anakwenda nao kwa zamu, akiangalia pia nani anaiweza kesi gani. Akifika kwa wa zamu, anampigia simu. Anamtajia mufilisi ni nani, wanaomdai ni akina nani, halafu anamuuliza: kuna unayemjua hapo? Umewahi kumtetea, kumshtaki, kukopeshana naye, kuoa kwao? Wakili akisema hapana, hakimu anamteua. Tangu siku hiyo, mali ya mufilisi iko mikononi mwake. Barua za mufilisi zinapelekwa ofisini kwake, anazifungua yeye kwanza. Na mwisho wa yote ndiye anayemwandikia hakimu kama mtu huyu anastahili kusamehewa madeni au la.

Kwa hiyo kwa mtu kama Shigeo, kuteuliwa kwa nani ndiyo kesi yenyewe. Na sote tuliosikia tulikuwa na jina moja tu mdomoni. Mzee Hagihara alikuwa kwenye zamu hizo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alijulikana: anakuja kwa mufilisi amevaa viatu vya kutembelea shambani, anakunywa chai, anatazama huku na huku, anauliza yale ambayo sheria inataka aulize, basi. Hachimbi. Mafundi wangapi waliovunjika biashara walipita mikononi mwake wakatoka na heshima yao.

Zamu ikamwangukia. Niseme kweli, nilifurahi nilipokuja kujua hivyo, ila furaha haikupata hata muda wa kukaa chini.

Aliingia kilabuni jua halijazama, peke yake, siku isiyo ya upatu. Akakaa kwenye kaunta na hakuagiza kitu. Akavua miwani akaifuta kwa tai.

"Nilipigiwa simu na mahakama kuhusu Shigeo," alisema. "Nimekataa."

Nikamuuliza ana wazimu au anaumwa.

"Siwezi kuichukua, Kazuyo. Nakula naye. Karani aliniuliza kama kuna uhusiano, nikasema upo."

"Uhusiano gani? Muhuri wako kauchonga yeye, na nusu ya mawakili wa mkoa vivyo hivyo."

"Nilisema tuko upatu mmoja."

Kisu kilinisimama mkononi. Nikamuuliza kwa nini, kati ya maneno yote duniani, amelitoa hilo. Angesema ana kesi nyingi. Angesema mgongo unamuuma, si unamuuma kila siku?

"Karani aliniuliza," alisema. "Ningemjibu uongo?"

Ndipo nikamweleza habari ya bahasha. Nilimweleza kwa hasira, ili ajue amefanya nini, na nilimwona uso ukimshuka polepole. Alinyanyua mkono kama anayezuia gari.

"Usiendelee. Tafadhali usiniambie zaidi," alisema. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Alimlipa kabla ya wakati wake? Na yeye alijua kwamba Shigeo anafilisika?"

"Alimwambia akiwa amepiga magoti."

Mzee Hagihara alivaa miwani yake. Alisema neno upatu halikuwamo kwenye orodha ya Shigeo, na sasa liko kwenye faili, limeandikwa na karani kama sababu ya yeye kukataa, na yeyote atakayeteuliwa atalikuta. Aliyekuwa tayari kulifumbia macho jambo hilo ni mtu ambaye asingeruhusiwa kulishika, na aliposema kwa nini hawezi kulishika, akalitoa hadharani. Sikumuonea huruma jioni ile. Nilimwambia kilabu kimefungwa.

Karani akaendelea na simu zake. Huyu aliwahi kuitetea benki. Yule ni shemeji wa mwenyekiti wa chama cha akiba. Mmoja, nasikia, alisema muhuri wake kauchonga Shigeo, na karani akamjibu kwamba kama hilo ni kosa basi hata yeye mwenyewe hana haki ya kupiga simu hii. Mkoa wetu ni mdogo, mawakili wake wanahesabika, na kila mmoja ana shangazi upande huu. Walikuwa wanatafuta mtu asiyemjua Shigeo, asiyemjua mtu yeyote anayemjua Shigeo. Wakampata. Alikuwa binti aliyehamia kutoka Chiba masika yale, jina lake Sunaga Mio, ambaye hata njia ya kuja kijijini kwetu hakuijua.

Shigeo aliitwa ofisini kwake. Alivaa suti ileile. Aliniambia baadaye kwamba kitu cha kwanza alichokiona ni muhuri wa yule binti juu ya meza, wa mashine, herufi zimejazana upande mmoja, na alitaka sana kumwambia atamchongea mwingine bure, akakumbuka hana tena haki ya kutoa kitu bure. Binti alikuwa na adabu. Alimpa chai, akamuuliza habari za afya. Halafu akasema karani amemwarifu kuna upatu, na kwenye orodha hakuuona.

Angeweza kusema ulikwisha kuvunjika. Angeweza kusema hadaiwi kitu. Lakini Shigeo maisha yake yote alikuwa akichonga majina ya watu, ambapo kosa la unywele mmoja linaharibu pembe zima, na hakuwa na ufundi wa kusema kitu kisivyo. Alieleza yote: gari, bahasha, chumba cha nyuma. Binti aliacha kuandika. Akamuuliza kama alimwambia Bi Fusae hali yake siku ile.

"Nilimwambia," Shigeo alijibu. "Kumpa bila kumwambia ingekuwa dharau."

Siku chache baadaye Wakili Sunaga alishuka kwenye basi hapa mbele, amepotea, viatu vyake vya mjini vimejaa matope, akaingia kuniuliza nyumba ya Kazama. Nilimkalisha nikampa bakuli la tambi, kwa sababu mgeni ni mgeni, na alipokuwa anakula nikamsomea yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia mjane yule hajawahi kumkopa mtu sindano. Nilimwambia mumewe yuko kwenye rafu. Nilimwambia benki haitajua hata kama imepata ile fedha au imekosa. Alisikiliza yote, hakunikatiza, na bakuli alilimaliza.

"Mama," alisema, "wote wanaomdai wana haki sawa. Siwezi kumwachia mmoja kwa sababu ni mzee na watu wanampenda."

"Wewe humpendi. Humjui."

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo sababu nimeteuliwa."

Hakusema kwa kiburi. Ningependa kusema alikuwa na kiburi, ingenisaidia sana. Alikuwa amechoka, na macho yake yalikuwa mekundu, na alilipa tambi zake ingawa nilikataa.

Nikampeleka mwenyewe. Nilijiambia nikiwepo naweza kusema neno. Bi Fusae alitukaribisha, akatuwekea mito ya kukalia, akakata pichi za kopo kwa kuwa hazikuwa za msimu. Picha ya Kazama ilikuwa ukutani juu ya madhabahu ya nyumbani, na chini yake, mbele ya kibakuli cha wali, ilikuwa ile bahasha. Hakuwa ameifungua. Fundi wa mawe alimwambia hawezi kusimamisha jiwe kwenye baridi kali, asubiri masika.

Wakili Sunaga aliuliza polepole kama siku ya kupokea fedha alijua kwamba Bwana Amemiya amefilisika. Mimi nikadakia. Nikasema Bi Fusae ana umri mkubwa, mambo humchanganya, hakumbuki.

Alinigeukia akanitazama kwa hasira, mara ya kwanza katika miaka yote tuliyojuana.

"Nakumbuka vizuri sana," alisema. "Alipiga magoti. Akasema maji yamemfika shingoni, wiki ijayo anakwenda kwa wakili. Hakunificha hata kitu kimoja." Akamsogelea binti, akashika ukingo wa meza. "Andika hivyo, bi wakili. Wengine huwakimbia watu wao. Huyu alikuja mwenyewe akaniambia. Andika kwamba ni mkweli, ili hakimu amsamehe."

Alikuwa anamtetea Shigeo. Aliamini yule binti amekuja kuuliza tabia yake, kama wanavyokuja watu kabla ya harusi. Na kila neno alilolisema lilikuwa linaitoa ile bahasha pale mbele ya picha. Wakili Sunaga aliandika. Alipomaliza aliiweka kalamu chini, akainama, akamweleza kwa maneno mepesi kabisa kwamba fedha aliyopewa mtu mmoja kabla ya wengine, huku akijua mlipaji anaanguka, inabidi irudi kugawanywa kwa wote.

Bi Fusae akauliza jambo moja tu: asiporudisha, Shigeo ataathirika? Binti akasema itaifanya kesi iwe ngumu kwake. Bi Fusae akainuka, magoti yakalia, akaenda kwenye madhabahu. Akapiga kengele ndogo, akaunganisha viganja, akamwambia mumewe kitu ambacho hatukukisikia. Akaileta ile bahasha kwa mikono miwili, na binti akaipokea kwa mikono miwili, wote wawili wameinama, na mimi nimekaa katikati ya adabu ile yote natamani kupindua meza.

Shigeo alisamehewa. Siku ya kikao chumba kilikuwa kitupu. Benki haikutuma mtu, kadi hazikutuma mtu. Wakili Sunaga alimwandikia hakimu maneno mazuri, kwamba mufilisi alipoulizwa hakuficha lolote na msamaha anastahili. Kutoka kwenye fedha iliyokusanywa ikakatwa kwanza ya gharama na ya kazi ya msimamizi, kilichobaki kikagawanywa. Bi Fusae naye, kwa kuwa sasa alikuwa mmoja wa wanaodai, alipelekewa fungu lake kwa njia ya benki. Lilitosha ubani.

Upatu wetu ulikufa bila ugomvi. Mwezi mmoja Mzee Hagihara hakuja, mwezi uliofuata wakapungua wengine wawili, na mimi nikaacha kupika lile sufuria kubwa. Bado anapita, mzee yule, ananiinamia akiwa ng'ambo ya barabara. Nimetafuta wa kumkasirikia. Yeye alisema kweli, Shigeo alisema kweli, Bi Fusae alisema kweli, yule binti alifanya kazi aliyopewa na aliifanya vizuri. Kila mmoja wao ningempa funguo za nyumba yangu. Hasira imebaki haina pa kwenda, inanigeuka mwenyewe.

Shigeo akapata kazi kwenye kiwanda cha vyakula vya kufungasha, zamu ya alfajiri, kupanga samaki juu ya wali. Patasi walimwachia, ni vifaa vya kazi, lakini hazina kazi. Kesi ilipofungwa alimpigia simu Wakili Sunaga, yeye ambaye simu humtia jasho, akauliza kama mshahara wake mpya anaweza kumpa amtakaye. Binti akamjibu kwamba sasa yuko huru, anachokipata ni chake, na sheria haimdai wala haimkatazi. Alikuja kuniambia. Nilimwona akicheka, meno yote, mara ya kwanza tangu Toshiko.

Vuli iliyofuata mti wake wa kaki ulizaa sana. Alimenya matunda, akayatundika kwenye kamba chini ya paa mpaka yakakauka na kutoa ule unga mweupe wa sukari, akayapanga kwenye kisanduku, na chini yake akaweka bahasha ndogo, fungu la kwanza la malipo ya kila mwezi. Akaniomba twende wote. Bi Fusae alifungua mlango kidogo tu, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Bi wakili anajua?" aliuliza.

Shigeo akasema kesi imekwisha, hili ni jasho lake, hakuna atakayekuja.

"Hata siku ile hukuniambia kwamba kuna atakayekuja."

"Sikujua, Bi Fusae."

"Najua hukujua." Sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Shigeo, usiniachie kitu. Mimi ni mzee. Kurudisha kulinimaliza nguvu, sitaweza tena."

Akafunga mlango. Shigeo akaweka kisanduku kizingitini, kama mtu anayeacha sadaka, tukaondoka. Kesho yake asubuhi Bi Fusae alipanda mteremko mzima na fimbo yake, akipumzika kila penye ukuta, akakirudisha mlangoni kwa Shigeo bila kukifungua. Kisha akashuka kwangu, akanywa maji, akaniambia akifa nihakikishe Shigeo haleti rambirambi. Hataki watu wa mahakama waje kumsumbua kuhani na Kazama kule kwenye rafu. Nikamwambia haiwezekani, hakuna sheria ya namna hiyo. Akasema hata ile nyingine hakuijua. Aliniapisha, nikaapa.

Alikufa kwenye baridi ya mwezi wa pili. Niliombwa kukaa kwenye meza ya mapokezi hekaluni, kupokea rambirambi na kuandika majina. Shigeo alikuja kwa miguu kutoka kiwandani, ile suti chini ya koti. Alisimama kwenye mstari mpaka zamu yake ikafika. Aliinama, akatoa bahasha ya msiba, nyeusi na nyeupe, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, imeelekezwa kwangu kama inavyotakiwa.

Sijawahi kuona mtu akirudishiwa rambirambi. Hata adui harudishiwi. Watu nyuma yake walikuwa wanatazama. Niliishika ile bahasha, nikaigeuza imuelekee yeye, nikaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa vidole vyake.

"Aliniapisha," nilimwambia.

Hakuniuliza nini wala kwa nini. Aliitazama bahasha, akaitazama rafu kule ndani ambapo walikuwa wameshaandaa nafasi ya chungu cha pili kando ya cha kwanza. Akanishukuru, akairudisha ndani ya koti, na akapanda basi kurudi kazini.